Uzi maalumu: Madevelopa wa Dar, kabla mteja hajakuuliza "mbona Google hatupo?"

#1 Fundi_Urafiki

Wakuu, za saa hizi.

Huu uzi nauandika tangu wiki iliyopita kwenye mwendokasi. Nikifika Urafiki nashuka, kesho yake naufuta naanza upya. Leo naumwaga ulivyo. Mods mkiona umekaa jukwaa lisilo lake uhamisheni, msiufute tu.

Mwezi wa tatu nilimkabidhi mteja tovuti. Mama mmoja, ana duka la pampu za maji Gerezani, mtu wa miaka mingi sokoni na hana mchezo na hela yake. Tovuti ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe bila haya. Akamalizia salio, akaninunulia na soda. Wiki ya kumi na moja akanipigia. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, nimeandika jina la duka langu herufi kwa herufi, Google inaniletea duka la jirani."

Nikafungua laptopu na visingizio viko tayari mdomoni: SEO, yaani kuifanya tovuti ipande Google, inataka muda, soko lina ushindani, tungeongeza kifurushi kidogo mama. Bahati nzuri kabla sijampigia nikaandika Google `site:`, amri ya kuonyesha kurasa za tovuti moja tu, nikaunganisha na domeni yake bila kuacha nafasi. Haikuja kitu. Hata ukurasa wa mwanzo haumo. Sasa hapo ushindani unatoka wapi? Duka halijafunguliwa. Nikatazama chanzo cha ukurasa, mstari wa tisa:

`<meta name="robots" content="noindex, nofollow">`

Mstari ni wangu. Niliuweka kwenye seva ya majaribio ili Google isije ikaichukua tovuti ikiwa nusu, na usiku wa kuhamisha nikabeba kila kitu, na huo nao. Wiki kumi na moja mama wa watu analipia domeni na hostingi ya tovuti inayoiambia Google "msiniandike".

Ndiyo sababu ya uzi. Sina ujanja wa kupanda namba moja, anayeutaka aende nyuzi za jirani. Nazungumzia yale ambayo sisi tunaoandika kodi, kodi ya kompyuta si ya TRA, tunayaharibu kwa mikono yetu halafu tunamwambia mteja anunue SEO.

Kwa wanaoanza, mambo yako hivi. Roboti ya Google, inaitwa Googlebot, inasafiri kwa linki: inafika ukurasa, inausoma, inaokota linki zilizomo, inazifuata. Kilichosomwa kinachambuliwa na kuingizwa kwenye faharasa, lile daftari la kurasa inazozijua. Mtu akiandika swali, Google haianzi kuzunguka mtandaoni muda huo. Inafungua daftari na kupanga kipi kitangulie. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha kampuni mwaka 1998, kilichowatoa ni hapo kwenye kupanga, walipohesabu linki kama ushahidi kwamba ukurasa fulani unaaminiwa na wengine. Leo vigezo ni vingi mno, na anayekwambia anavijua vyote muulize anafanya nini huku badala ya kwenda kununua kisiwa. Kwetu sisi kazi kubwa iko kwenye kufikiwa na kuandikwa daftarini.

Sasa kuna hili, nimeona hata watu wa miaka kumi kazini wanalikosea. Faili la robots.txt na huo mstari wa noindex si kitu kimoja. robots.txt ni la zamani, tangu 1994, lilipendekezwa na Martijn Koster, na mwaka 2022 ndipo likapewa waraka rasmi, RFC 9309. Hilo ni mlinzi wa getini: huku usiingie. Noindex ni kibao kwenye mlango wa ndani: umeingia, umesoma, ila usiniandike. Mtu anataka ukurasa usionekane Google, anaweka vyote viwili "kwa usalama". Matokeo yake roboti inarudishwa getini, haifiki mlangoni, kibao haikisomi. Na kama kuna tovuti nyingine yenye linki ya kwenda kule, Google inaweza kuiorodhesha ile anwani hivyo hivyo, kavu, bila maelezo chini yake. Ukitaka ukurasa utoke kweli, fungua geti, roboti iingie ikute noindex. Na mliokuwa mnaandika noindex ndani ya robots.txt, Google iliacha kuitambua humo tangu 1 Septemba 2019.

Kitu cha siri kiwekee pasiwedi. robots.txt kila mtu anaweza kulifungua. Ukiandika humo `/mishahara/` umeshawachorea ramani.

Wa WordPress: Settings, kisha Reading, kuna kisanduku huko chini kinachozikataza injini za kutafutia. Kiangalieni sasa hivi, nasubiri.

Nimefika Urafiki. Naendelea nikipata chai.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeshika siti. Bisi hakuna, nina mihogo.

#3 Kijana_Mzee

Nimetoka kukiangalia hicho kisanduku. Sitasema nimekuta nini. Asante mkuu.

#4 Dada_wa_Tegeta

Kaka Fundi, niongezee la JavaScript, maana ndiko vijana wetu wanakozama.

Nilipewa tovuti ya nyumba za kupanga niirekebishe. Ukiifungua kwenye brauza ni burudani: picha zinateleza, ramani ipo, kila kitu. Nikaiita kwa `curl`, yaani bila brauza, nione seva inatuma nini hasa. Ikanitumia hiki:

`<body><div id="root"></div><script src="/app.js"></script></body>`

Basi. Vyumba mia mbili na ushee vya Sinza, Tabata na Kigamboni vinasubiri brauza ivipike.

Najua kuna mtu atasema Google inaendesha JavaScript. Ni kweli, na tangu Mei 2019 inatumia Chromium, injini ya brauza ya Chrome, inayosasishwa kila mara, si ile ya kale iliyotutesa. Lakini kuna foleni. Ukurasa unasomwa kwanza ulivyotumwa, kupikwa kunafuata nafasi ikipatikana. Na hata ikishapika, haiendi kubonyeza vitufe. Ile tovuti ilikuwa na kitufe cha "Ona zaidi" kilichofungwa `onclick`, hakuna `a` yenye `href` hata moja. Roboti iliona vyumba kumi vya juu ikageuza. Halafu anwani zenyewe zilikuwa za mtindo wa `/#/chumba/57`. Kinachokaa baada ya alama ya reli hakihesabiwi kuwa ukurasa mwingine, kwa hiyo mbele ya Google vyumba vyote mia mbili ni ukurasa mmoja.

Kilichomuuma mwenye mali wala si Google, ni WhatsApp. Madalali wanatupia linki kwenye magrupu, inatokea linki kavu, haina picha wala jina la mtaa, watu wanadhani ni utapeli. WhatsApp haiendeshi JavaScript. Inasoma HTML iliyotumwa na kutafuta tagi za `og:title` na `og:image`, isipozikuta basi. Tukahamishia upishi kwenye seva, tukatumia Next.js, zana ya kupikia kurasa kwenye seva, kila chumba kikapata anwani yake isiyo na reli, kila kitufe cha kwenda mahali kikawa linki ya kweli. Siku hizi dalali akituma linki inatokea na picha ya sebule.

Kipimo changu ni kimoja: chukua sentensi moja unayoiona kwenye ukurasa, itafute ndani ya kilichorudishwa na `curl`. Isipokuwemo, unamtegemea mpishi wa watu.

#5 dogo_wa_chuo

Wakubwa shikamooni. Naomba kuuliza, kwenye meta keywords niweke maneno mangapi? Mwalimu wangu alisema kumi hadi kumi na tano. Na je, H1 (kichwa kikuu) mbili kwenye ukurasa ni kosa?

#6 Fundi_Urafiki

Marahaba dogo. Sifuri. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Muda wa kuandika hayo maneno kumi na tano tumia kuandika `title` inayoeleweka. H1 mbili hazina neno, usikeshe nazo.

Meta description nayo haikupandishi, ila mara nyingine Google inaitumia kama maelezo chini ya jina lako, na hayo ndiyo yanamfanya mtu abofye. Iandike kwa ajili ya mtu.

#7 Namba1_Siku7

Wadau nafanya SEO, ukurasa wa kwanza namba moja ndani ya siku saba, linki 5,000, laki na nusu tu. Njoo PM.

#8 Kijana_Mzee

@Namba1_Siku7 wewe mwenyewe nimekutafuta Google sikukuona.

#9 Dada_wa_Tegeta

😂😂 Mwacheni jamani.

Ila kwa wasiojua: Google yenyewe imeandika kwenye miongozo yake kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Na linki za kununua kwa mafungu ndizo zilizoletewa Penguin, mabadiliko ya Google ya kupanga matokeo, mwaka 2012. Tovuti nyingi zilishuka wiki ile na wenyewe wakabaki wanaomba hizo linki ziondolewe moja moja. Laki na nusu ya kupanda, na nyingine ya kushuka.

#10 Mzee_wa_Seva

Vijana, nimeusoma uzi wote nikiwa na miwani. Kazi hii nilianza enzi za intaneti kafe za Posta, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Mwaka juzi kampuni moja, siitaji, walitengenezewa tovuti mpya. Ya zamani ilikuwa mbaya sura lakini ilikuwa inaleta wateja, miaka minane ipo hewani. Anwani zake zilikuwa `/bidhaa.php?id=14`. Mpya ikaja na `/bidhaa/tangi-lita-1000`, safi sana, napenda anwani inayosomeka. Ila zile za zamani wakazitupa. Kila linki iliyokuwa Google, kwenye magazeti ya mtandaoni, kwenye vitabu vya anwani vya wateja, ikaanza kujibu 404, yaani ukurasa haupo. Mkurugenzi akapiga kelele, vijana wakaja na dawa: kila anwani ya zamani ielekezwe ukurasa wa mwanzo. Wakadhani wamemaliza.

Ndugu zangu, mtu aliyefuata tangi la lita elfu moja ukimpeleka mlango wa mbele, atatafuta kidogo ataondoka. Na Google si mjinga. Ikiona kurasa mia tatu zote zinaishia ukurasa wa mwanzo inazihesabu kama 404 iliyovaa nguo. Niliitwa wakati wateja wanaotoka Google wameshuka mpaka mtu unaona huruma. Kilichofanyika hakina uchawi: jedwali, kushoto anwani ya zamani, kulia ya mpya inayolingana nayo. Nililijaza kwa siku mbili na kijana mmoja wa stoo anayejua bidhaa kuliko sisi sote. Kila mstari ukawa 301, ya kuhama moja kwa moja, si 302 ambayo ni ya kuhama kwa muda. Bidhaa iliyokufa na haina mrithi, iachwe 404 au 410 (imeondolewa kabisa) kwa heshima. Na hizo 301 msizifute baada ya mwezi. Google wanashauri zikae angalau mwaka. Mimi naziacha mpaka seva ife.

La pili ni la kuchekesha. Tovuti nyingine, hapa Dar inafunguka bila shida, Search Console, chombo cha Google cha mwenye tovuti kuona hali yake, inalia kwamba haifikiki. Nimezunguka nusu siku. Kumbe msimamizi wa mtandao alichoshwa na mashambulizi kutoka nje akafunga kila IP (namba ya mashine mtandaoni) isiyo ya Tanzania. Googlebot sehemu kubwa inakuja kutoka Marekani. Ikigonga inajibiwa 403, yaani huruhusiwi, inarudi, inagonga, 403. Mkitaka kufunga fungeni kwa akili: IP inayojiita Googlebot ichukue, geuza uone jina lake la DNS (daftari la majina ya mtandaoni) linaishia `googlebot.com` au `google.com`, kisha jina hilo ligeuze tena uone linarudi kwenye IP ile ile. Jina la kujipa kila mtu anaweza kujipa.

La tatu fupi. Mkifunga tovuti kwa matengenezo seva ijibu 503, yaani haipatikani kwa muda. Ule ukurasa wenu wa "Tunarudi hivi punde" ukijibu 200, yaani kila kitu sawa, Google inaamini hiyo ndiyo tovuti yenu sasa.

#11 Siti_ya_Mbele

Mzee heshima yako. "404 iliyovaa nguo" nimeichukua.

#12 Asha_Masoko

Mimi si developa, niko upande wa masoko, lakini nimefika hapa nikitafuta msaada. Bosi wangu anataka tovuti iwe Kiingereza kitupu, anasema Kiswahili kinaonekana cha mtaani. Tulikuwa na kitufe cha kubadili lugha, ila Kiswahili hakijawahi kutokea Google hata siku moja, ndiyo anapata hoja ya kukifuta. Nimjibu nini?

#13 Fundi_Urafiki

Dada Asha, karibu. Umenigusa penye kidonda.

Kwanza hilo la kutotokea. Kuna uwezekano mkubwa kosa ni la aliyejenga. Nakisia kitufe chenu kinabadili lugha kwa kuki, anwani inabaki ile ile. Angalia juu ya brauza ukibofya: anwani ikibaki bila kubadilika, ndicho hicho. Googlebot haitunzi kuki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na ikiomba ukurasa haisemi inapendelea lugha gani. Inakuja mikono mitupu, inapewa lugha ya kuanzia ambayo kwenu ni Kiingereza, inaondoka. Kiswahili chenu kipo ila hakina anwani, na kisicho na anwani hakiandikwi daftarini.

Mwambie developa wenu atenganishe: `/sw/` na `/en/`, kila ukurasa na anwani yake, kisha aunganishe kwa `hreflang`, tagi inayoiambia Google toleo la lugha nyingine liko wapi. Kiswahili ni `sw`, ukitaka kutaja na nchi ni `sw-TZ`. Nimekuta watu wameandika `tz` peke yake. Hiyo si lugha. Na lazima zitajane pande zote mbili: ya Kiswahili imtaje mwenzake wa Kiingereza, naye amtaje. Upande mmoja ukinyamaza Google inapuuza.

Sasa la bosi. Fungua Search Console, eneo la utendaji, utaona maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuwaona, kwa miezi 16 nyuma. Mchapishie karatasi umuwekee mezani. Kwa mama yangu wa Gerezani nilipofanya hivyo kwenye tovuti ya ndugu yake, ambayo ilikuwa na bahati ya kutojengwa na mimi, maneno yalikuwa "bei ya pampu ya kisima", "pampu ya sola kumwagilia", "pampu inavuta hewa haitoi maji". Hakuna aliyeandika kitu kinachofanana na "masuluhisho jumuishi ya maji", na hilo ndilo lilikuwa bango la ukurasa wake wa mwanzo, kwa Kiingereza.

Mtu wa Mbagala ambaye friji yake imezima usiku anaandika "fundi friji Mbagala", hatungi sentensi ya brosha. Ukurasa wako ukiwa na maneno hayo kwenye `title`, kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza kwa namna mtu anavyoongea, umeshawapita wengi. Yale ya kurudia neno mara arobaini mpaka ukurasa unasomeka kama mtu mwenye homa, achaneni nayo. Title ya mama ilikuwa "Nyumbani". Kurasa zote kumi na mbili zilikuwa "Nyumbani", kwa sababu nilinakili kiolezo. Sasa ya kwanza inasema "Pampu za kisima na za sola, Gerezani Kariakoo" na jina la duka mwishoni.

Kiingereza kibaki kwa wanaokihitaji. Wateja wa mashirika wapo. Ila kisifute kingine.

#14 Kijana_Mzee

Mkuu zungumzia na picha. Wateja wangu wote wanataka tovuti iwe posta. Wamempa dizaina hela, anawatengenezea posta ya JPG ina kila kitu, simu, bei, ramani, wanasema "bandika hiyo hiyo".

#15 Fundi_Urafiki

Hahaha, ugonjwa wa mji mzima huo.

Maneno yaliyo ndani ya picha usiyategemee. Andika bei kwa maandishi, simu kwa maandishi, na iwe linki ya `tel:` mtu akibonyeza inapiga. Picha ipe `alt` inayosema kilichomo, "pampu ya kisima ya nguvu farasi moja", isiwe "IMG-WA0023".

Halafu uzito. Posta niliyopewa mimi ilikuwa megabaiti 4, imepakuliwa WhatsApp ikapakiwa ilivyo. Piga hesabu: baiti ina biti nane, kwa hiyo ni megabiti 32. Mteja yuko kwenye daladala, mtandao unampa megabiti 2 kwa sekunde. Sekunde 16 za kuangalia weupe, na bando lake linakatwa. Niliipunguza upana uendane na skrini, nikaihifadhi kwa WebP, muundo mwepesi wa picha, ikashuka mpaka kilobaiti 180, na macho ya mama hayakuona tofauti.

Google wanapima mambo matatu. Kitu kikubwa cha juu kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa uitikie kidole ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki, INP, kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024. Na vitu visirukeruke, alama isizidi 0.1. Wanahesabu kwa wageni halisi, robo tatu ya ziara zifikie hapo, kwa hiyo simu yako ya bei mbaya na Wi-Fi ya ofisi si ushahidi. Kurukaruka dawa yake nyepesi, andika `width` na `height` kwenye kila picha ili brauza iiachie nafasi. Na msiweke `loading="lazy"` kwenye ile picha ya juu kabisa; hiyo ndiyo inayosubiriwa, wewe unaiambia ichelewe.

Ila msiigeuze kasi kuwa dini. Nimeona mtu ana alama 100 na ukurasa hauna hata neno moja ambalo mteja angelitafuta.

Nisisahau: Google sasa inasoma toleo la simu. Walianza kulitangaza 2016 na Oktoba 2023 wakasema wamekamilisha. Kama kwenye simu unaliondoa jedwali la bei kwa sababu halikai vizuri, basi mbele ya Google jedwali hilo halipo.

#16 Mjuba_wa_AI

Mnapoteza muda wakuu. SEO imekufa, watu wanauliza AI siku hizi.

#17 Dada_wa_Tegeta

Na hiyo AI inasoma wapi kaka? Majibu ya AI yanayokaa juu ya matokeo ya Google yanachukua linki kutoka faharasa ile ile. Ukurasa wenye noindex haumo. Na roboti nyingi za kampuni nyingine za AI haziendeshi JavaScript kabisa, zinakuja kama `curl` yangu. Rudi #4.

#18 Kilio_cha_Makumbusho

Mimi naomba niungame. Mteja hakutaka kulipia themu (kiolezo cha sura ya tovuti), nami nikapata ile iliyovunjwa, ya bure, kwenye grupu la Telegram. Ikaenda vizuri miezi minne. Nilipofanya hilo jaribio la `site:` leo, nimekuta kurasa za Kijapani, mamia, zinauza mabegi na saa. Nikifungua mimi mwenyewe linasema ukurasa haupo. Nimechanganyikiwa.

#19 Mzee_wa_Seva

Pole kijana. Hizo kurasa zipo, ila mlango wa siri uliokuja na themu unaangalia nani anagonga. Akiwa Googlebot anaonyeshwa mabegi, akiwa wewe anaonyeshwa 404. Tumia kifaa cha kukagua URL ndani ya Search Console, kitakuonyesha kile Google ilichokipata.

Halafu usifute faili moja moja, utacheza kombolela na mwizi. Weka WordPress upya kutoka chanzo, themu halali, rudisha maudhui tu. Badili pasiwedi zote, hata ya hifadhidata. Na ingia Search Console uangalie orodha ya wamiliki. Mara nyingi hao jamaa wanajiongeza humo na kuwasilisha ramani ya tovuti (faili la orodha ya anwani za kurasa) yao. Ukikuta barua pepe usiyoijua, iondoe pamoja na faili au tagi ya uthibitisho aliyoiacha, la sivyo anarudi kesho.

Mteja mwambie ukweli. Themu ingemgharimu kidogo kuliko hii kazi.

#20 dogo_wa_chuo

Kaka Fundi, na yule mama iliishaje?

#21 Fundi_Urafiki

Niliutoa mstari wa tisa usiku ule ule. Nikathibitisha domeni Search Console kwa rekodi ya TXT kwenye DNS, nikawasilisha ramani ya tovuti. Kikomo cha faili moja la ramani ni anwani 50,000, sisi tulikuwa na kumi na mbili. Nikaomba ukurasa wa mwanzo ukaguliwe. Siku ya nne ukaingia, zingine zikafuata kwa kusuasua, mbili za mwisho zilichukua karibu mwezi. Google wenyewe wanasema mabadiliko mengine ni saa chache, mengine miezi, kwa hiyo sikumwahidi kitu. Hela ya marekebisho sikumtoza, ingekuwa aibu.

Akiandika jina la duka sasa anajiona. Kwenye Google Ramani nako tukamsajili, namba ya simu ile ile iliyo kwenye tovuti, na maelezo ya kufika kwa sababu fremu yake iko ndani ndani.

Tunachogombania sasa ni bei. Kwenye Search Console neno linaloongoza ni "bei ya pampu", na kwenye tovuti kila bidhaa imeandikwa "piga simu". Nimemwomba tuandike bei. Kasema: "Mwanangu, nikiiandika jirani ataiona."

#22 Asha_Masoko

Mwambie aandike "kuanzia". Jirani ataona pa kuanzia tu.

#23 Fundi_Urafiki

Nimempigia sasa hivi. Amecheka, kasema nipite Jumatatu na hiyo laptopu.